Maharaj, naweza kumchora Shiva kwenye skrini ya pati?

SWALI: Jai Shri Krishna Maharaj. Mimi ni kijana wa Kisutu, Dar, ba yangu, yaani bibi, alikuwa anatuleta mandirini, hekaluni kwetu, kila Jumatatu tukiwa wadogo, labda utamkumbuka. Saivi naishi Lisbon na kazi yangu ni kutengeneza vidio zile zinazorushwa kwenye skrini kubwa nyuma ya DJ. Kuna tamasha moja la muziki wa transi, ule unaopigwa usiku kucha mpaka jua linatoka, wamenipa kazi ya maana na pesa nzuri kusema kweli. Ila wanataka Shiva Nataraja awe anacheza, Om, alama yetu takatifu, zinazunguka, Ganesh mwenye kichwa cha tembo getini, na wamenitumia na kipande cha sauti cha mantra ya Shiva, Om Namah Shivaya, nikiendanishe na mdundo. Wanaokuja wengi hawajui lolote la dini yetu, wengine wana tatuu ya Om mguuni, kuna vitambaa vyenye sura za miungu yetu watu wanatandika chini wanalalia, pombe na bangi na vingine ndo usiseme. Mama nilivyomwambia alilia kwenye simu, akasema nauza miungu. Na mimi Maharaj sikufichi, nikicheza pale kuna kitu nakisikia moyoni ambacho hata mandirini sikuwahi kukisikia. Sasa je, kucheza ni paap? Kuchukua kazi ni paap? Na hao wenzangu nao wanapata dhambi? Nijibu wazi hata kama ni kali.

JIBU: Jai Shri Krishna beta, mwanangu. Ba yako namkumbuka vizuri sana, alikuwa anakuja na maziwa kwenye kichupa na maua kwenye sahani ya chuma na alikuwa haondoki mpaka arati, ibada ya taa, iishe hata mvua inyeshe vipi. Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa kabla sijaandika maana nimeona si swali la kujibu haraka haraka, na mama yako nae ana haki ya kujibiwa humu humu.

Nikupe kwanza jibu fupi usikae na roho juu. Kucheza si paap. Mungu wetu mwenyewe anacheza, Shiva anacheza, Krishna anacheza, dini yenye mungu anayecheza haiwezi kumwambia kijana wake kaa chini. Kazi unaweza kuichukua, ila kwa masharti, nitakupa huko chini na yatakugharimu. Kuhusu hao wenzako usijifanye hakimu wao, asiyejua ana hukumu yake na anayejua ana yake, na wewe beta unajua, umelelewa unajua, kwa hiyo barua yote hii naandika juu yako wewe sio juu yao.

Watu wengi hapa nyumbani wakiona mgeni kavaa tisheti ya Ganesh wanasema hapo hapo, wametuibia. Mi siwezi kusema hivo moja kwa moja kwa sababu hadithi yenyewe haikuanza kwa wizi. Huo muziki kwao ni Goa huko India, ufukweni kule Anjuna na Vagator. Goa ilikaa chini ya Mreno miaka 450 mpaka Disemba 1961 jeshi la India lilipoingia, na miaka michache baadae, mwishoni mwa miaka ya sitini, vijana wa Ulaya na Marekani wakaanza kufika, wengi kwa njia ya barabara kupitia Uturuki, Irani na Afghanistan, wamechoka na vita na wamechoka na makwao. Wakakaa ufukweni wakipiga gitaa kwenye mwezi mpevu, miaka ya themanini ukaingia muziki wa mashine kutoka Ulaya, kina mama wa vijiji vya karibu wakawa wanatandika mikeka pembeni wanauza chai usiku kucha kwa mwanga wa taa za mafuta, na kufika miaka ya tisini katikati hivi ukawa mtindo kamili una jina lake, Goa transi, ukatoka pale ukaenda London, Israeli, Ujerumani, Japani. Hapo Ureno ulipo tamasha la Boom lilianza 1997 na linatokana na huo huo mzizi, kwa hiyo unaona njia imezunguka, Mreno alienda Goa na Goa nayo ikamfuata Mreno kwao.

Kati ya hao vijana wa kwanza alikuwepo mmoja wa San Francisco, Gilbert Levey, wengi wanamjua kama Goa Gil. Huyu aliondoka kwao 1969 akiwa mdogo kabisa, akazunguka India na masadhu, watawa walioacha dunia, akapewa diksha, yaani akapokelewa na guru, na kuingia Juna Akhara, moja ya jumuiya kongwe za masadhu wanaomfuata Shiva, akapewa na jina, Baba Mangalanand. Alikuwa anapiga muziki saa 24 mfululizo na yeye pati aliiona ni ibada kabisa, DJ ana kazi ya kuwavusha watu usiku mzima mpaka alfajiri. Amefariki Oktoba 2023. Mengi aliyoyafanya mimi siyakubali, lakini siwezi kumwita mwizi mtu aliyekaa miguuni pa guru akapokea mantra kwa sikio lake.

Shida ilikuja baadae. Om ikapanda ndege, Shiva akapanda ndege, Ganesh akapanda ndege, guru akabaki. Picha ilifika Ulaya bila mtu wa kusema hii inawekwa juu hii inashikwa kwa mkono wa kulia, hii ukiitaja unyamaze kidogo. Picha isiyo na mtu wa kuisemea inageuka pambo tu, na pambo halina mahali pake maalumu, linaweza kukaa ukutani na linaweza kukaa chini.

Na hapo kuna jambo la Goa nataka ulijue kabisa, hasa wewe unayekula mkate wako Lisbon. Karne ya 16 Wareno walipoanza kubomoa mandiri kule Goa, Wahindu wa vijiji vile waliwabeba miungu yao wakakimbia nao. Mwaka 1560 lingam, jiwe la ibada, ya Mangesh, ambae ni Shiva huyu huyu wako wa kwenye skrini, ilitolewa Kushasthali ikavushwa mto Zuari ikapelekwa Priol, upande ambao wakati ule haukuwa wa Mreno. Iko huko mpaka leo, ukienda Goa usiishie ufukweni, nenda Mangeshi ukainame. Beta hebu wafikirie hao watu. Wameacha nyumba, wameacha mashamba ya mpunga, wameacha makaburi ya moto ya baba zao, walichobeba ni jiwe. Wamebeba kwa sababu hawakutaka likanyagwe. Sasa zaidi ya miaka 400 mbele, ndani ya Goa ile ile, sura ya huyo huyo inachapwa kwenye kitambaa cha bei rahisi na inatandikwa mchangani watu wakae. Mama yako alivyolia kwenye simu hakuwa anakuonea, alikuwa analia kilio cha zamani sana, hata kama mwenyewe hajui habari za Kushasthali.

Wewe mwenyewe nina hakika ulipokuwa mtoto ukikanyaga daftari la shule kwa bahati mbaya, ba alikwambia inama, liguse, halafu peleka mkono kwenye paji la uso. Daftari la hesabu tu! Kwa sababu ndani yake kuna elimu na elimu ni Saraswati, mungu wetu wa kike wa elimu. Huo ndo mzani wetu, mguu na kichwa. Hakuna mtu aliyetufundisha kitabuni, tumeupata mikononi mwa hao mabibi. Yule mwenzako mwenye Om kwenye kifundo cha mguu hajui mzani huo hata upo, kwake mguu ni sehemu ya mwili kama nyingine na pengine alichora kwa mapenzi kabisa, kwa hiyo usimshambulie. Siku mkikaa mnakula mwambie taratibu kwamba kwetu alama hii inakaa kuanzia kifuani kwenda juu, mwambie na sababu, basi, atakachofanya ni chake.

Kuna jambo la sheria ya dini kidogo pia. Murti, sanamu inayoabudiwa, imefanyiwa prana pratishtha, imeombewa pumzi ikae ndani yake, na kabla ya hapo ni jiwe au ni shaba. Mchoro wako wa kompyuta haujafanyiwa hivyo. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba umemwingiza Mungu mzima kwenye ulevi, hapana. Lakini picha ya mama yako nayo si mama yako, na bado usingeiweka mlangoni pa choo.

Sasa tuje kwa Nataraja mwenyewe maana ndo unaenda kumchora, na nataka umchore ukijua unachora nini. Umbo tunalolijua leo lilikamilika kwa mafundi wa shaba wa ufalme wa Chola kule Tamil Nadu, kusini mwa India, miaka elfu moja iliyopita, na nyumba yake kubwa ni mandiri ya Chidambaram. Mkono wa kulia wa juu umeshika damaru, ngoma ndogo, ndo uumbaji, dunia imeanza kwa mdundo. Mkono wa kushoto wa juu una moto unaomaliza kila kitu. Wa kulia wa chini umefunguka kukwambia usiogope, na wa kushoto wa chini unaonyesha mguu ulioinuliwa, yaani ukitaka kupona kimbilia hapa. Watu wa pati wanampenda kwa ngoma na kwa moto, na mi nawaelewa, hata wanasayansi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia pale Geneva, wana Nataraja wa mita mbili uwanjani kwao, alitolewa na India, akazinduliwa Juni 2004. Lakini angalia mguu wa kulia umesimama juu ya nini. Chini yake kuna kibwengo kidogo amelala, jina lake Apasmara, maana yake kusahau, kutojijua. Shiva anacheza juu ya mgongo wa usahaulifu! Halafu mtu anakunywa na kuvuta ili asahau, anacheza mbele ya hiyo picha mpaka hajui jina lake, na anasema niko na Shiva. Beta, yuko upande wa pili wa mguu.

Hapa ndo nakuja kwenye bangi, nisipite haraka kwa sababu najua utaniambia Maharaj mbona masadhu wanavuta chilamu, ile kiko ya udongo, mbona sikukuu ya Shivratri watu wanakunywa bhang, kinywaji cha majani ya bangi, kule Kashi (Varanasi). Ni kweli, siwezi kukudanganya. Sheria ya India ya 1985 imepiga marufuku charas (utomvu wa bangi) na ganja (maua yake), ila majani yenyewe haikuyagusa, ndo maana bhang bado inauzwa kwa leseni kwenye baadhi ya majimbo. Na wale wa kwenye transi wanaopiga kelele Boom Shankar wakiwasha, wameipata kwa masadhu hao hao. Lakini yule sadhu ameacha mke, ameacha shamba, amejifanyia mazishi yake mwenyewe akiwa hai, anakaa na majivu kwenye baridi ya mlimani. Wewe umechukua chilamu yake tu, vingine vyote umemwachia. Na Shiva alichokunywa kinachoimbwa kwenye mandiri zetu ni halahala, sumu iliyotoka baharini miungu na mashetani walipokuwa wanaisukasuka bahari, sumu iliyokuwa inaua kila kitu, wote wakakimbia, yeye akainywa akaibana kooni mpaka koo likawa bluu, ndo anaitwa Nilakantha. Alikunywa ili wengine wasife. Kila nikisikia mtu anatumia jina lake kuhalalisha kilevi nakumbuka koo lile na naumia. Sisemi wewe unatumia, sijui, hukusema. Nasema usichore chilamu mkononi mwake, hata wakikuomba.

Kuhusu kipande cha Om Namah Shivaya kwenye mdundo, hapa nitakushangaza kidogo, maana maandiko yetu ni mapana kuliko hofu zetu. Kwenye Bhagavata, kitabu cha sita, kuna habari za Ajamila, Brahmini, mtu wa ukoo wa makuhani, aliyeharibika kabisa, mwizi, mcheza kamari, kaacha mke wake. Anakufa, anaona watumishi wa Yama, mungu wa mauti, wamekuja na kamba, kwa hofu anamwita mtoto wake wa mwisho, na mtoto anaitwa Narayana, ambalo ni jina la Vishnu. Hakuwa anamwita Mungu hata kidogo, alikuwa anaita mwanae! Na bado watumishi wa Vishnu wakafika wakamtetea. Wakasema Jina likitamkwa hata kwa kumaanisha kitu kingine, hata kwa utani, hata kwa stobha, hata kwa kutojali, linaunguza dhambi. Sasa stobha ni nini? Ni zile silabi zisizo na maana ambazo waimbaji wa Sama Veda wanaziweka kujaza wimbo ukae sawa. Yaani kwa lugha ya kazi yako, ni kile kipande cha sauti unachochomeka kwenye mdundo ili usikike vizuri. Waliolisema hilo hawakuwa na kompyuta wala spika, na wamekutaja kama vile walikuona.

Kwa hiyo yule binti wa Uholanzi au kijana wa Brazili aliyecheza usiku kucha huku Namah Shivaya inapita masikioni mwake bila kujua ni nini, mimi simhesabii dhambi. Huenda amepata mbegu. Mbegu haiulizi udongo kama unajua jina lake.

Lakini upande wako mambo ni mengine. Padma Purana inahesabu makosa kumi dhidi ya Jina, na mojawapo ni kufanya uovu huku ukitegemea nguvu ya Jina lenyewe likusafishe. Hilo halimpati asiyejua, linampata mtu kama wewe na mimi, mtu aliyesoma habari za Ajamila halafu akasema ah basi hamna shida. Ukijua Jina ni moto usilifanye kiberiti cha kuchezea.

Na Om hasa ina kitu kimoja nataka ukifanye kazini. Mandukya Upanishad ni fupi mno, aya 12 tu, na yote inaeleza Om, yaani A-U-M. A ni kuwa macho, U ni ndoto, M ni usingizi mzito, halafu kuna ya nne, turiya, ambayo haina sauti. Ni ukimya unaobaki baada ya M kufifia, na ukimya huo ndo kitu chenyewe, sauti tatu za mwanzo ni ngazi tu. Pale Chidambaram pia, pembeni ya Nataraja kuna pazia, kuhani akilifunua huoni murti, unaona nafasi tupu na majani ya bel ya dhahabu yamening'inia. Sasa muziki wenu unaenda mapigo 140 na zaidi kwa dakika, usiku mzima, bila kusimama, Om imekatwa inajirudia, Om Om Om Om, haifiki M yake, haifiki ukimya wake. Hapo ndo naona imeumizwa kweli, kuliko hata kwenye tisheti. Ukiiweka iache iishe. Zungumza na DJ, mwambie hapa naomba sekunde kumi na tano hakuna ngoma, skrini nyeusi. Watu elfu kadhaa wamenyamaza pamoja gizani, we unafikiri ni kidogo hiyo?

Usidhani natupa mawe upande mmoja. Sisi wenyewe tumejaza spika kwenye dini. Sikukuu ya Ganesh Chaturthi kule Mumbai na Pune, ambayo Tilak, mpigania uhuru wa India, aliifanya kuwa sherehe ya hadharani 1893, saivi inabebwa na malori ya DJ, wagonjwa hospitalini hawalali, mahakama zinaingilia kila mwaka. Sikukuu ya Navratri hapa Dar tunafunga spika kubwa, vijana wanacheza garba, ngoma yetu ya kuzunguka, mpaka usiku wa manane na nusu ya nyimbo ni za sinema. Garba yenyewe UNESCO waliiandikisha kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Disemba 2023, na kikao kilikuwa huku huku Afrika, Botswana, nilifurahi sana siku ile. Kwa hiyo umeme sio tatizo. Tofauti naiona mahali pengine, angalia garba inavyosimama, katikati kuna chungu chenye taa au picha ya Mataji, Mungu Mama, viatu vimevuliwa, watu wanazunguka na katikati sio mtu. Kwenye pati yako nimeangalia vidio, wote wanatazama upande mmoja, na upande huo amesimama mtu na mashine zake, na Shiva yuko nyuma ya mgongo wake kama taa ya kumpendezesha. Nani anaabudiwa hapo? Siulizi kwa ubaya. Uliza swali hilo kabla hujachora mstari wa kwanza, maana wewe ndo unayeamua nani awe wapi kwenye ile skrini.

Umesema pale unasikia kitu ambacho mandirini hukukisikia. Naamini, na sitakwambia ni shetani wala ni ujinga wa ujana. Kukesha ni ibada ya zamani kwetu, Shivratri maana yake ni usiku wa Shiva na kazi yake ni kutolala. Unaijua hadithi ya mwindaji, ba lazima alikusimulia. Alipanda mti wa bel angoje paa, chini ya mti kulikuwa na lingam hata hajui, usiku kucha akawa anachuma majani anayaangusha na maji ya kibuyu chake yanadondoka, na yote yanamwangukia Shiva. Akaja paa jike, akataka kumpiga mshale, paa akaomba nikawaage wanangu nitarudi, akamwacha. Akaja mwingine, akamwacha. Alfajiri wote wakarudi kama walivyoahidi, wamesimama mbele yake wafe, na yeye mkono ukamlegea hakuweza kuua. Hapo ndo Shiva akamtokea. Watu wakisimulia wanakazania majani, kwamba hata bila kujua yalihesabiwa, sawa, ni kweli. Mimi nakazania ule mkono uliolegea. Usiku ulimbadilisha, alipanda juu ya mti mwindaji na akashuka hawezi kumuua paa. Kwa hiyo hicho unachokisikia saa tisa usiku kipime mchana wake. Je ulimpigia mama? Ulimlipa yule anayekudai? Ukiona kimekulainisha, ni cha kweli, kitunze. Ukiona umeamka saa kumi jioni una hasira na watu wote na unangoja wikiendi nyingine ukisikie tena, basi ulikuwa mdundo na uchovu, mwili tu umefanya kazi yake.

Kuna na wale watakaokwambia Mhindu wa kweli angeenda polisi. Disemba 2023 kwenye tamasha la Sunburn kule Vagator, Shiva alionyeshwa kwenye skrini watu wakicheza na pombe zikiuzwa, wanasiasa wakapeleka malalamiko polisi na maneno yakawa mengi. Naelewa uchungu wao, lakini sitaki wewe uwe mtu wa kukasirika kwa niaba ya Mungu. Krishna kwenye Gita, sura ya 17, anasema zawadi ikitolewa mahali pasipo pake na wakati usio wake, bila heshima, hiyo ni ya tamas, ya giza. Hakusema mtoe roho mtoaji, ameeleza tu zawadi ni ya aina gani. Kazi yako ni kuifanya zawadi yako isiwe ya giza, na inawezekana.

Basi waandikie hao watu wa tamasha. Waambie utamchora Nataraja, na atakaa juu ya kila kichwa, juu ya DJ pia, sio mgongoni kwake. Projekta isimwage sura yake wala Om sakafuni hata kwa dakika moja, watu watakuwa wanaruka juu yake. Ganesh akae juu ya geti watu wapite chini yake, hilo ni zuri, ndo mahali pake, ila baa na vyoo visiwe kwenye ukuta huo huo. Vitambaa vyenye sura za miungu visiuzwe kama mikeka kwenye eneo lao, wavitundike, na kama wanauliza watandike nini waambie vya maua tu vipo tele. Om iwe na ukimya wake. Apasmara asifutwe chini ya mguu, najua wachoraji wanapenda kumwondoa ili picha iwe safi, mwache, na umchore uso wake uonekane. Pesa ukilipwa toa sehemu upeleke mandirini pale pale Lisbon, mandiri ya Radha Krishna ambayo Wagujarati waliotoka Msumbiji waliijenga, ukakae nao hata Jumapili moja, kuna wazee pale wanaongea Kigujarati na Kireno na wengine watakuelewa hata ukichomeka Kiswahili.

Wakikubali, siku ya kuanza oga, washa diya (taa ya mafuta), chukua mala ya ba, zile shanga zake za sala, sema Om Namah Shivaya mara 108 kabla hujafungua kompyuta, halafu mpigie mama umwonyeshe mchoro wa kwanza kabla hujawaonyesha waliokulipa. Wakikubali yote ila la sakafuni wakalikataa, hiyo kazi iache beta, warudishie na pesa ya utangulizi.